Siku saba kwenye reli ya Wachina: Sacramento hadi Promontory

Reli ya Central Pacific, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na vibarua wa Kichina kati ya 1863 na 1869, ilianzia Sacramento, California, ikakutana na ya Union Pacific, kampuni iliyojenga kutokea mashariki, huko Promontory, Utah. Urefu wake ni maili 690, yaani kilomita 1,110 hivi. Kwa gari mtu angeweza kuikimbia kwa siku mbili, lakini hataona kitu. Siku saba zinatosha, mradi nne za mwanzo zitumike milimani, kwa sababu maili 140 za mwanzo zilikula miaka mitano na zile 550 zilizobaki zilimalizwa ndani ya mwaka mmoja.

Hadi leo haijapatikana barua wala shajara ya kibarua hata mmoja wa Kichina aliyeijenga reli hii. Tulichonacho ni madaftari ya mishahara, maelezo waliyoyatoa mabosi wao mbele ya kamati za serikali, magazeti ya wakati ule, na mawe yenyewe. Beba tochi yenye mwanga mkali, buti zisizoteleza, na koti hata kama ni Juni.

Siku ya 1. Sacramento – Newcastle, maili 31

Kazi ilizinduliwa ukingoni mwa mto tarehe 8 Januari 1863, na reli ya kwanza ikalazwa tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo. Sheria ilitaka chuma kitoke viwanda vya Marekani, na viwanda hivyo vilikuwa pwani ya mashariki. Kwa hiyo kila reli, kila msumari na kila kichwa cha treni kilipakiwa melini, mara nyingi kikazunguka ncha ya Amerika Kusini kwa miezi kadhaa, kikashushwa San Francisco na kupandishwa tena kwa boti hadi hapa. Meli moja ikichelewa, maelfu ya watu wanakaa bila reli za kulaza. Kichwa cha treni cha kwanza cha kampuni, Gov. Stanford, kimo katika makumbusho ya reli hatua chache kutoka mtoni. Kiangalie ukubwa wake sasa, kwa maana siku ya tano utaelewa maana ya kuburuta mtambo wa aina hiyo juu ya theluji.

Kutoka mjini nchi ni tambarare. Serikali ilikopesha kampuni dola 16,000 kwa kila maili ya tambarare na dola 48,000 kwa kila maili ya mlimani. Wakubwa wa kampuni walifanikiwa kuishawishi serikali ikubali kwamba milima ya Sierra Nevada inaanzia kijito cha Arcade, maili kama saba tu kutoka Sacramento. Ukipita hapo, jaribu kuutafuta huo mlima.

Wachina wanaonekana kwenye madaftari ya mishahara tangu Januari 1864, chini ya majina ya viongozi wawili, Hung Wah na Ah Toy, wakiwa na kundi la watu ishirini na kitu. Mwanzoni mwa 1865 ndipo kampuni ilipowageukia kwa dhati. Ilikuwa imetangaza inataka vibarua 5,000, wakaja mia chache, na wengi wa hao wakatumia kazi ya reli kama nauli ya bure kuelekea migodi ya fedha ya Nevada. Msimamizi wa ujenzi, James Strobridge, hakuwataka Wachina. Charles Crocker, bosi wake, akalazimisha wajaribiwe 50, na baada ya hapo hakuna aliyebisha tena. Kufikia 1867 walikuwa kati ya 10,000 na 12,000, takriban watu tisa katika kila kumi wa kampuni.

Siku ya 2. Auburn – Bloomer Cut – Colfax, maili 54 kutoka Sacramento

Bloomer Cut ni mkato uliopasuliwa katikati ya kilima karibu na Auburn, urefu futi 800 na kina futi 63, yaani mita 244 kwa 19. Ulichimbwa 1864, kabla Wachina hawajawa wengi, lakini ndipo pa kujifunzia kazi waliyoirithi. Kuta zake ni mchanga na kokoto zilizogandamana kama zege, kwa hiyo sururu inadunda na baruti inahitajika kila hatua. Strobridge mwenyewe alipoteza jicho hapa, baada ya baruti iliyochelewa kulipuka kumfyatukia usoni. Treni bado zinapita, kwa hiyo tazama ukiwa kando na usishuke relini.

Vifaa vilikuwa sururu, beleshi, mtaimbo, toroli, na mikokoteni midogo ya farasi mmoja. Mkato huchimbwa kwa ngazi: kundi la juu linafungua ngazi ya kwanza, la chini linafuata, kila ngazi ikiwa na njia yake ya kutolea udongo. Udongo unaotoka kwenye mkato ndio unaojaza bonde linalofuata, na mhandisi mzuri hupanga mstari ili viwili hivyo vilingane. Akikosea, mikokoteni inasafiri mbali zaidi na gharama inapanda.

Wengi wa vibarua walitoka wilaya nne za mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, zinazojulikana kwa jumla kama Siyi. Walipitia Hong Kong, wakasafiri baharini wiki kadhaa hadi San Francisco, mara nyingi kwa nauli ya mkopo. Kutoka hapo wakala aliwapeleka mlimani kwa makundi, na kila kundi lilikuwa na kiongozi wake anayejua Kiingereza kidogo na mpishi wake. Nani aliyekufa au kuumwa, kampuni haikuwa na orodha ya kumjua, kwa sababu mshahara ulilipwa kwa jumla kwa kiongozi, naye akagawa. Ndiyo maana madaftari yamejaa majina ya viongozi na hesabu ya siku za kazi, huku maelfu ya watu chini yao wakibaki tarakimu tu.

Malipo yalianzia karibu dola 26 kwa mwezi, yakapanda hadi 30 na 31, kwa sarafu ya dhahabu. Mzungu wa kazi ya kawaida alilipwa takriban dola 35 na akalishwa na kampuni. Mchina alijilisha. Ukipiga hesabu ya chakula, pengo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Lala Colfax. Reli ilifika hapa Septemba 1865.

Siku ya 3. Cape Horn – Dutch Flat – Cisco, maili 92

Maili tatu baada ya Colfax njia inazunguka bega la mlima linaloitwa Cape Horn, futi 1,300 hivi juu ya Mto American. Hapa ndipo penye hadithi mashuhuri ya Wachina walioning'inizwa kwenye vikapu vya matete, wakatoboa mwamba, wakawasha utambi, wakavutwa juu kabla ya mlipuko. Vikapu hivyo havimo katika ripoti za wahandisi wala magazeti ya 1865 na 1866. Vilizuka baadaye sana na kukua kila viliposimuliwa. Mteremko wenyewe ni mkali lakini si ukuta wa wima, na mtu aliyefungwa kamba kiunoni angeweza kusimama na kufanya kazi. Hadithi ya vikapu inawapunguzia sifa: inawafanya wana sarakasi, ilhali kazi ya kukata rafu ya reli kwenye bega hilo ilikuwa ya vipimo.

Hatua zake ni hizi. Kwanza wanakata miti na kung'oa visiki, kisha kundi dogo linachonga kijia cha kukanyagia. Kijia kinapanuliwa kuelekea ndani ya mlima, mawe yakisukumwa upande wa bonde kujenga ukingo. Upande wa ndani mwamba unalipuliwa hadi upana utoshe reli moja. Kosa la kawaida ni kutegemea kifusi kilichomwagwa upande wa bonde: mvua za majira ya baridi zikija, kifusi huteleza na tuta linaondoka nacho. Kwa hiyo reli ilipaswa kukaa kwenye mwamba uliokatwa, na kifusi kiwe cha ziada tu. Kona hii ilikamilika 1866, na treni za leo bado zinapita kwenye bega hilohilo.

Baada ya Cape Horn mwinuko unafikia futi 116 kwa kila maili, kiwango cha juu kilichoruhusiwa na sheria. Tazama pia misitu: mataruma, yaani mbao zinazolazwa chini ya reli, na nguzo za madaraja vilitoka hapahapa.

Kambi zilikuwa kando ya njia, mahema na vibanda vya magogo. Chakula kiliagizwa kupitia wafanyabiashara wa Kichina wa San Francisco na Sacramento: mchele, samaki wakavu, chaza wakavu, mwani, uyoga, machipukizi ya mianzi, matunda makavu, nyama ya nguruwe na kuku. Chai ilichemshwa mchana kutwa na kubebwa hadi kazini ndani ya vipipa vilivyowahi kuwa vya baruti, viwili kwenye mti wa begani. Maji yakichemshwa, kuhara kunapungua. Makundi ya Wazungu yaliyokunywa maji ya kijito na kula nyama, maharage na viazi yaliugua zaidi. Jioni mpishi alikuwa tayari na maji ya moto ya kuogea kila mtu wake.

Treni zilianza kufika Cisco mwishoni mwa Novemba 1866. Pako futi 5,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo reli ikakwama zaidi ya mwaka.

Siku ya 4. Kilele cha Donner, maili 105

Tenga siku nzima. Fuata barabara ya zamani ya Donner Pass, si barabara kuu mpya. Reli iling'olewa hapa 1993 na treni sasa zinapita handaki jingine lililo kusini, kwa hiyo mahandaki ya zamani yamebaki matupu. Ardhi ni mali ya kampuni ya reli, basi zingatia vibao. Ndani kuna barafu sakafuni hata mwanzo wa kiangazi.

Kampuni ilichimba mahandaki 15 kuvuka Sierra. Namba 6 ndilo kubwa: futi 1,659, sawa na mita 506, ndani ya graniti tupu, na mahali pengine mwamba ulio juu yake unafika futi 124. Ingia hatua hamsini, geuza tochi iangaze ukuta kwa ubavu, utaona mifereji myembamba iliyonyooka, nusu ya duara. Ni mabaki ya matundu ya baruti, na kila tundu ni kazi ya watu watatu. Mmoja alishika tindo la chuma, wawili wakapiga kwa nyundo za ratili nane kwa kupokezana. Baada ya kila pigo mshikaji alizungusha tindo kidogo, la sivyo linakwama na tundu linakuwa la pembe tatu badala ya duara. Vumbi lilitolewa kwa kijiko kirefu chembamba. Graniti hii inamaliza makali haraka, kwa hiyo wahunzi walikuwa wakinoa matindo usiku na mchana, na kundi lenye mhunzi mzembe lilijulikana kwa urefu wa matundu yake. Makali yakichomwa kupita kiasi yanavunjika, yakipozwa polepole yanajikunja.

Tundu likitimia lilijazwa baruti nyeusi, likawekwa utambi, likashindiliwa udongo kwa kijiti cha mti, kwani chuma kikigonga jiwe kinatoa cheche. Kwenye mwamba huu baruti mara nyingi ilifyatuka nje kama risasi bila kupasua chochote, na ikabidi tundu lilelile lijazwe upya. Mbaya zaidi ni utambi uliozimika nusu: anayerudi kuukagua mapema hajui kama umezima au unasubiri.

Kwa baruti nyeusi, kila uso wa mwamba ulisogea wastani wa futi 1.18 kwa siku, sentimita 36. Ukichimba kutoka ncha mbili tu, futi 1,659 zinahitaji siku 700 na ushee. Kwa sababu hiyo walizamisha kisima katikati ya mlima, futi 8 kwa 12, kina futi 73, wakaanza kuchimba kutoka katikati kwenda pande zote mbili, ili ziwe nyuso nne. Kisima kilichukua tangu mwisho wa Agosti hadi Desemba 1866. Winchi ya kutolea kifusi iliendeshwa na injini ya kichwa cha treni cha zamani kilichovuliwa magurudumu na kukokotwa na ng'ombe hadi kileleni. Ukiwa katikati ya handaki, tazama juu: mwanga na maji yanayodondoka vinatoka kwenye kisima hicho.

Zamu zilikuwa tatu za saa nane, na kwenye kila uso watu 30 hadi 40, takriban wote Wachina isipokuwa mnyapara. Crocker alieleza baadaye kwamba kampuni ilileta wachimbaji kutoka Cornwall, watu wa migodi tangu ujana, wakapangwa upande mmoja na Wachina upande wa pili. Kila Jumapili kazi ilipimwa, na kila Jumapili Wachina walikuwa mbele.

Mapema 1867 ikaja nitrogliserini. Mwaka uliotangulia shehena ya kitu hicho ililipuka katikati ya San Francisco na kuua watu wapatao 15, usafirishaji ukapigwa marufuku, hivyo mkemia James Howden akawa anaitengeneza palepale mlimani kwa kuchanganya gliserini na asidi mbili kali. Ilihitaji tundu jembamba zaidi, ilitoa moshi kidogo, na ilisagasaga mwamba vizuri. Kasi ilipanda hadi futi 1.82 kwa siku kwa kila uso. Ubaya wake ni kwamba haina simile. Inaganda kwenye baridi ya nyuzi 13, na matone yaliyosalia kwenye ufa hungojea sururu ya mtu wa zamu inayofuata. Ilitumika hasa mahandaki namba 6 na 8, kisha Strobridge akaiacha.

Majira ya baridi ya 1866 kuingia 1867 yalileta dhoruba 44. Kambi zilifunikwa kabisa. Watu walichimba njia ndani ya theluji, za futi 50 hadi zaidi ya 200, kutoka vibandani hadi midomo ya mahandaki, wakaishi miezi wakitembea chini ya theluji na kufanya kazi chini ya mwamba. Maporomoko ya theluji yalizoa kambi nzima. Strobridge alikiri kwamba walipoteza watu wengi kwa njia hiyo na kwamba wengine hawakuonekana hadi theluji ilipoyeyuka. Hakutaja idadi, na hakuna aliyeiandika.

Ukitoka handaki namba 6 upande wa mashariki, kati ya namba 7 na namba 8 kuna ukuta unaoitwa China Wall, kimo futi 75. Umejengwa kwa mawe yaliyotoka kwenye mahandaki, yakapangwa bila saruji wala chokaa. Kukosa saruji si umaskini. Theluji ikiyeyuka, maji yanapita katikati ya mawe badala ya kujikusanya nyuma na kuusukuma ukuta. Mawe marefu yameingizwa ndani ya tuta kama kucha, na uso wote umeinamia mlima kidogo. Ulibeba treni zaidi ya karne moja.

Handaki lilipokutana, mistari ya pande zote ilitofautiana kwa inchi mbili hivi. Treni ya kwanza ilipita tarehe 30 Novemba 1867.

Siku ya 5. Kilele – Truckee – Reno, maili 154

Asubuhi, kabla ya kushuka, simama juu ya Ziwa Donner. Sehemu hii ya njia, Cisco hadi Truckee, ndiyo iliyokuwa uwanja wa mgomo. Tarehe 25 Juni 1867 Wachina wapatao 3,000 waliweka nyundo chini siku hiyohiyo moja, kambi baada ya kambi, jambo linaloonyesha jinsi viongozi wa makundi walivyokuwa wamepanga. Kampuni ilikuwa imepandisha mshahara hadi dola 35, wao wakataka 40, siku ya kazi ishuke kutoka saa 11 hadi 10 nje, na ndani ya mahandaki isizidi saa 8. Hawakuvunja kitu. Walikaa kambini, na Crocker mwenyewe alisema palikuwa shwari mithili ya Jumapili.

Crocker hakujadiliana. Alizuia chakula kisipande mlimani. Ule mfumo wa kujilisha, uliowakinga na kuhara, ndio uliowafunga: shehena zote zilipita kwenye reli na mabehewa ya mwajiri. Mgomo ukaisha baada ya wiki moja bila nyongeza.

Truckee ndipo yalipopokelewa mambo yaliyovushwa kileleni kabla handaki halijakamilika: vichwa vitatu vya treni, mabehewa 40 na vyuma vya kutosha maili 40, vyote vikiburutwa kwa sledi na magogo juu ya theluji. Kwa njia hiyo reli ya upande wa mashariki ilianza kujengwa huku handaki likiwa bado. Kipande cha kati kiliungwa Juni 1868, na treni ikafika Reno kutoka Sacramento tarehe 18 ya mwezi huo. Juu mlimani kukajengwa mabanda ya mbao ya kuikinga reli na theluji, maili 37 kwa jumla.

Siku ya 6. Nevada: Reno – Wadsworth – Winnemucca – Elko

Siku ya kuendesha gari. Mwaka 1868 kampuni ililaza zaidi ya maili 360, nyingi zikiwa jangwani humu. Baada ya Wadsworth hakuna mti wala maji mazuri hadi Mto Humboldt, na maji ya Humboldt yana magadi. Mataruma yalitoka misumeno ya Truckee, maji yakaja kwa mabehewa ya matangi. Strobridge alituma watu 3,000 na farasi 400 mbele hadi Palisade Canyon, maili 300 mbele ya ncha ya reli, ili njia iwe imekatwa kabla reli haijafika. Chakula chao na majani ya farasi vilikwenda kwa magari ya kukokotwa. Palisade panafaa kusimama. Pengine kote, jaza tangi na usonge.

Siku ya 7. Promontory

Kilomita chache magharibi mwa kilele cha Promontory, kando ya njia ya zamani, kuna alama ya maili kumi. Tarehe 28 Aprili 1869, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, kampuni ililaza maili 10 na futi 56. Majina ya Waayalandi wanane waliobeba reli yamehifadhiwa, na wanastahili: reli 3,520 za ratili 560 kila moja ni tani 112 kwa kila mtu. Lakini reli hailali hewani. Mataruma 25,800 yalishapangwa mbele yao, misumari 55,000 ikagongelewa nyuma yao, kokoto zikashindiliwa, na kazi hiyo ilifanywa na maelfu, wengi wao Wachina, ambao hakuna jina lao hata moja lililoandikwa siku hiyo.

Tarehe 10 Mei, siku ya sherehe ya kuunganisha reli mbili, kabla ya misumari ya dhahabu na hotuba, reli ya mwisho upande wa Central Pacific ililetwa na kundi la Wachina. Gazeti moja la San Francisco liliripoti kwamba Strobridge aliwaalika baadhi yao kwenye behewa lake la chakula na wageni wakawashangilia. Katika picha maarufu ya vichwa viwili vya treni vikitazamana, wa kuwatambua hawapo.

Mwaka uliofuata gazeti la Sacramento liliandika kwamba treni imepita na ratili 20,000 za mifupa ya Wachina, ikikadiriwa ya watu 1,200, ikipelekwa San Francisco ili irudishwe kwao. Makadirio hayo yanabishaniwa, lakini ndiyo hesabu ya vifo iliyo karibu zaidi na tukio.

Waliobaki hawakuishiwa kazi. Wengine walihifadhiwa kukarabati njia na mabanda ya theluji, wengine wakahamia kusini na kuchimba handaki la San Fernando, futi 6,940, lililokamilika 1876. Miaka ya 1880 maelfu wengine wa Kichina walijenga reli ya Canadian Pacific huko British Columbia, na mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Reli ya Promontory yenyewe iliachwa kando njia ya mkato ya kuvuka Ziwa la Chumvi ilipofunguliwa 1904, ikang'olewa 1942 kwa mahitaji ya vita. Tuta lake linapitika kwa gari la kawaida sehemu iliyo ndani ya hifadhi. Nje ya hapo tafuta gari la juu, na tairi mbili za akiba.